Chura Ndani ya Kabati

Majirani zangu hapa Najjanankumbi, Kampala, wanaamini ndoa yangu imevunjika. Siwalaumu. Mtu mzima mwenye kitambi na mvi, mwalimu wa watoto wao, anatoka nje saa kumi na mbili asubuhi macho mekundu, anafuta machozi kwa pindo la kanzu, kisha anakaa kwenye ngazi akihema kama aliyekimbizwa na mbwa. Wewe ungefikiri nini? Mlango wa pili anaishi dada mmoja mlokole. Siku ya tatu alinisogelea polepole kama anayekwenda kutoa rambirambi.

"Mwalimu," akasema, "mwanamume hulilia moyoni. Chozi likifika nje, jambo ni zito. Tukuombee?"

Nikamwambia sina ugomvi na mke wangu, nina ugomvi na kabati. Akatikisa kichwa kwa huruma. Tangu siku hiyo yeye na wenzake wananiombea kila Jumatano usiku, kwa sauti, mimi pamoja na mapepo ya kabati.

Kabati lenyewe mke wangu, Mama Shamim, alilitamani tangu Idi. Ni kabati la nguo la milango mitatu, kioo katikati, rangi ya mvule, mishipa ya mvule, hata fundo la mvule lipo. Ila fundo hilo lipo mlango wa kwanza, lipo wa pili, lipo na wa tatu, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Mti gani huo uliozaa pacha watatu? Ukikwaruza kidogo kwa ukucha, unagundua kwamba mvule wote huo ni karatasi iliyochapishwa na kubandikwa. Ndani ya karatasi ndimo alimo mwenyewe, MDF, rangi ya uji wa ulezi.

Tulilinunua katikati ya jiji, kwenye mojawapo ya yale majengo ambamo ghorofa ya kwanza wanauza viatu, ya pili simu, na ya tatu chochote kilichoteremka kwenye kontena juzi. Bei shilingi 900,000: 500,000 papo hapo, zilizobaki awamu mbili. Muuzaji alilibisha kwa vidole, ko ko ko, akanitazama kama daktari aliyesikia moyo unadunda vizuri. "Hajji, hii ni mbao kabisa." Sijawahi kwenda Maka, lakini kwa mtu anayelipa nusu taslimu mji huu hutoa vyeo.

Lilifika nyumbani likiwa ndani ya maboksi, kwa bodaboda mbili. Ya kwanza ilibeba mbao, ya pili ikabeba kioo, dereva amekifunga mgongoni kwa mpira, na foleni nzima ya barabara ya Entebbe nyuma yake ikijitazama. Kuliunganisha kulitumia Jumapili yangu yote. Karatasi ya maelekezo haina neno hata moja, ni michoro tu ya kibwana kisicho na uso kinachotabasamu, sijui kinatabasamia wapi. Tulipomaliza zilibaki skrubu saba.

Nimetangulia mambo. Kabla ya skrubu kulikuwa na harufu. Tulipopasua boksi la kwanza ilitoka pumzi, kali, kama siki iliyochanganywa na rangi ya nyumba, ikanichoma ndani ya pua. Mama Shamim alifumba macho, akaivuta yote. "Mmm! Harufu ya kitu kipya!" Jioni wakaja wenzake wa chama cha akiba. Kila mmoja alifungua mlango, akaingiza kichwa, akavuta, akatoka akisema "Banange!" kwa wivu wa dhati. Niliona heshima yangu inapanda kwa kila aliyevuta.

Watu wa Kampala tuna maradhi ya upya. Gari linauzwa mara tatu na nailoni bado iko kwenye viti. Godoro linalaliwa na plastiki yake, unageuka usiku unasikia kama mtu anafungua chipsi, na ole wako uichane: mgeni akija atajuaje kwamba ni jipya? Kwa hiyo kitu kikinuka hatuulizi kinanuka nini. Tunakihesabia kama sehemu ya bei.

Usiku huo mvua ilinyesha. Madirisha tulifunga, kwanza kwa ajili ya mbu, pili kwa ajili ya wale vijana wanaovua nguo za watu dirishani kwa fimbo ndefu yenye ndoano. Chumba chetu ni kidogo. Kutoka kwenye mto wangu hadi mlango wa kabati ni sentimita 50, nimepima. Saa tano macho yakaanza kuwasha. Saa sita nikapiga chafya kumi na moja mfululizo. Koo likawa kama nimemeza brashi ya viatu. Mama Shamim alikuwa amelala fofofo, amejaliwa pua ya chuma. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa pili, na wa tatu, na kila asubuhi ngazini na machozi yangu.

Usiku wa nne, saa nane hivi, nikiwa macho gizani, pua ilikumbuka jambo ambalo kichwa kilikuwa kimesahau. Nilirudi shuleni, Kidato cha Tano, maabara ya biolojia, rafu ya nyuma kabisa. Pale palikuwa na chupa kubwa ya kioo, na ndani yake chura mweupe kama mshumaa, mkono mmoja ameuinua kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu akifungua kifuniko, safu mbili za mbele zinatokwa machozi. Harufu ni ile ile!

Nikaketi kitandani nikapiga ukelele: "Chura! Ni chura!"

Mama Shamim haogopi mwizi, haogopi mwenye nyumba, haogopi hata mama yangu. Chura anamwogopa. Aliruka akasimama juu ya mto. "Yuko wapi?"

"Kabatini!"

Kandambili ilipaa kutoka mkononi mwake kabla sijamaliza neno. Ikatua kwenye kioo. Kioo kikapata ufa kutoka kona hadi kona. Na ndipo mimi, saa nane na robo usiku, nikaanza kumweleza mwanamke anayetetemeka kwamba chura niliyemtaja ni wa mwaka 1994, na kwamba alikufa kitambo.

Asubuhi, kwa adabu ya mtu mwenye deni la kioo, nilianza kusoma. Maji ya chura yanaitwa formalini. Ni gesi iitwayo formaldehaidi iliyoyeyushwa ndani ya maji, na ndiyo wanayotumia kuhifadhi maiti zisiharibike. Ile MDF nayo ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikakandamizwa kwa joto kali hadi zikawa ubao. Gundi ya bei nafuu kuliko zote inapikwa kwa vitu viwili: urea, ile ile ya mbolea ya mahindi, na formaldehaidi. Gesi haishikwi yote na gundi, nyingine hubaki ikitoka taratibu kwa miezi, hata miaka, na zaidi kitu kikiwa kipya. Joto na unyevu vikiongezeka, gundi yenyewe huanza kuachia na gesi huongezeka. Sasa niambie: chumba kimefungwa, mvua nje, watu wawili wanapumua, Kampala mwezi wa Aprili. Tumemjengea chura hoteli.

Karatasi ya mvule husaidia kuizuia gesi, maana hufunika. Nikaenda kutazama nyuma ya kabati. Mbele limevaa suti, nyuma liko uchi. Upande wa ukutani hauna karatasi, kingo hazina utepe, na kila tundu la skrubu ni pua ndogo inayotoa pumzi upande wetu.

Nilirudi dukani. Nilikuwa nimejizatiti kwa maswali ya kisomi, kwa sababu nilikwisha kujua kwamba Wazungu wameweka daraja la mbao zinazotoa gesi kidogo, wanaliita E1.

"Hili kabati ni E ngapi?" nikauliza.

"Hajji, hii ni A."

"Nauliza kama ni E1."

"E1 ni ya zamani," akasema kwa upole, kama mtu anayenificha aibu. "Hili ni toleo jipya."

Nikamwambia linatoa harufu ya dawa ya maiti, siwezi kulala. Hakushtuka hata kidogo. "Hiyo ndiyo faida yake! Mende hawakai." Na hapo lazima niseme kweli, mende wamehama. Kati ya wote tuliochomwa na harufu ile chumbani, niliyebaki ni mimi.

Kinachoniuma ni kwamba formalini mji huu unaijua vizuri sana. Mwanzoni mwa 2018 Mamlaka ya Jiji, KCCA, pamoja na polisi waliingia mabuchani kwa tuhuma kwamba nyama inapakwa dawa ya maiti isiharibike. Mabucha yalifungwa, watu walikamatwa, redio hazikuwa na habari nyingine. Tulibadilika wote tukawa wapelelezi. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya bucha nahesabu nzi: bucha lenye nzi wengi ndilo la kuaminika, lisilo na nzi unalipita haraka. Mama mmoja alimfukuza nzi kwa upepeo, wateja wakamgombeza amwache mtoto wa watu afanye kazi yake. Wiki nzima nyumbani tulikula maharage. Leo gesi ile ile imeingia nyumbani imevaa rangi ya mvule, na wenye hasira za 2018 wanaingiza kichwa kabatini wakisema "Banange!"

Lakini tuseme haki, nyama unaimeza na kabati humezi. Kweli. Kabati unalivuta. Na mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, walio na ofisi yao mji wa Lyon, Ufaransa, waliihamishia formaldehaidi kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Saratani waliyoitaja ni ile ya nyuma ya pua, na wanaokabiliwa nayo zaidi ni wanaoivuta kwa wingi kazini miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2010 Shirika likaweka kiwango cha hewa ya ndani ya nyumba: isizidi miligramu 0.1 katika mita moja ya ujazo, kwa kipimo cha nusu saa. Kwetu hapa kipimo ni pua yangu, nayo imeziba.

Wenzetu walijifunza kwa machozi kama yangu. Kimbunga Katrina kilipoisambaratisha New Orleans Agosti 2005, serikali ya Marekani iliwapa waliopoteza makazi vinyumba vya magurudumu, ndani yake plaiwudi na chipubodi tupu. Watu wakaanza: macho, pua, vikohozi vya watoto. Wakaonekana wadekaji. Mwaka 2008 hewa ya ndani ilipopimwa, ikakutwa na formaldehaidi kupita hali ya kawaida ya nyumba za huko, ikaamriwa watu watolewe upesi kabla joto la kiangazi halijaanza. Vinyumba vikapigwa mnada, vimebandikwa karatasi ya onyo kwamba si vya kuishi. Karatasi zikabanduka, si unajua karatasi zinavyobanduka, na kufikia 2010 watu walikuwa wameanza kuishi humo tena. Nilipofika hapo nilifurahi kidogo. Kumbe ujanja wa kubandua lebo hatukuuzua sisi.

Mwaka huo huo wa 2010 Obama akatia saini sheria ya kuweka mipaka kwa nchi nzima, wakifuata nyayo za California waliotangulia na kanuni yao ya 2007. MDF isitoe zaidi ya sehemu 11 katika sehemu milioni 100 za hewa, na plaiwudi sehemu 5. Hawapimi kwa kunusa. Wanachukua kipande cha ubao, wanakifungia kwenye chumba maalumu chenye joto na unyevu uliopangwa, wanasoma hewa yake, na kitu kikiuzwa kinabeba lebo inayosema kimetimiza sheria. Japani tangu 2003 ubao hupewa nyota, na ubao wa nyota nne ndio unaoruhusiwa kutumika ndani ya nyumba bila mipaka. Fikiria, ubao una nyota kama jenerali! Ulaya nao mwaka 2023 walipitisha kanuni ya kukaza zaidi: samani za mbao zisizidi miligramu 0.062 kwa mita ya ujazo kuanzia tarehe 6 Agosti 2026.

Mimi si mchumi, nafundisha ngeli. Lakini najua kiwanda kikikatazwa kuuza mzigo mahali pamoja hakiuchomi moto. Kinatafuta mteja asiyeuliza E ngapi, na mteja huyo anaitwa Hajji ingawa hajafika Maka.

Niliapa kurudi kwenye mbao halisi. Nikaenda Nsambya, kwa mafundi wa kando ya barabara. Fundi mmoja, mzee, alinisikiliza mpaka mwisho, akanitajia bei ya kabati la mvule. Nikamwomba airudie. Akairudia na haikuwa imepungua. "Mvule ni wa matajiri na makanisa, Mwalimu. Ule wa Busoga tuliumaliza. Na hata nikikutengenezea, mgongoni nitaweka plaiwudi. Kila mtu anaweka plaiwudi."

Pembeni kijana wake alikuwa anapasua MDF kwa msumeno wa umeme. Hakuwa na barakoa wala miwani. Vumbi lilikuwa laini kama poda ya mtoto, limemkaa kwenye kope, kwenye nywele, kwenye masikio, limeelea juu ya chai yake ndani ya kikombe cha bati. Alizima msumeno, akapuliza chai, akanywa. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Nikamwuliza kama hayamwashi.

"Yaliniwasha mwaka wa kwanza, ssebo. Siku hizi nimezoea. Jioni nakunywa maziwa, yanasafisha kifua."

Nilifikiria kumweleza kwamba maziwa yanateremka tumboni, hayajui njia ya mapafuni. Lakini yale maziwa ndiyo kinga pekee aliyonayo, nami sikuwa nimekuja na barakoa ya kumpa badala yake. Nilimwachia pesa ya lita moja nikaondoka. Nimelalamika wiki tatu juu ya kabati moja. Yule kijana analala na makabati thelathini.

Nyumbani nilimkuta Mama Shamim ananisubiri na hoja. Huyu mwanamke angekuwa wakili Mahakama ya Juu. "Baba Shamim," akasema, "miaka ishirini unakula chakula cha sigiri. Moshi wa mkaa umeuvuta tangu kwa mama yako. Mbona ule hukuuita chura?" Nikakimbilia kusoma nikitafuta jibu. Nikakuta kuni, mkaa na hata sigara, vikiungua, navyo hutoa formaldehaidi. Nikakuta pia Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya nyumbani, ambayo nyingi inatokana na kupika, iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nilifunga simu kimya kimya. Nikamwambia sijapata mtandao.

Ila mvuta sigara walau ana sheria yake. Tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 hapa Uganda anatakiwa akae mita 50 kutoka mahali pa umma. Kabati langu halina mita. Tuna shirika la viwango kule Bweyogerere, UNBS, na alama yake ya Q naiona kwenye maji ya chupa, kwenye unga, kwenye mabati. Naomba kitu kidogo tu: namba. Muuzaji wa samani alazimishwe kuiandika pale pale anapoandika bei, kwamba ubao huu unatoa kiasi hiki, umepimwa na fulani. Sihitaji nyota kama za Wajapani. Nikiiona namba nitajua kama ninalipeleka chumbani au ninaliacha barazani.

Barazani ndiko liliko sasa. Tulilitoa mimi na shemeji yangu, ambaye ana ushauri kwa kila jambo: kingo zote zilizo wazi tuzipake vanishi mara mbili, tuliache lipigwe upepo miezi kadhaa, halafu tulirudishe. Kwa bahati mbaya si ushauri mbaya. Kingo zikizibwa gesi hupungua, na muda nao huipunguza. Vanishi tulinunua. Kabla haijakauka ikanyesha ile mvua ya Jumanne. MDF na maji hawapatani, na sasa miguu ya kabati imeumuka kama mandazi, mvule wa karatasi umejikunja pembeni, na mlango wa kati haufungi. Nguo zetu ziko kwenye misumari, kama zilivyokuwa kabla ya maendeleo.

Macho yangu yamepona. Dada mlokole ameliona hilo, akaja kunipongeza na kutangaza kwamba mapepo yametoka. Nilimshukuru. Yametoka kweli, nimeyabeba mwenyewe upande wa kichwani, shemeji upande wa miguu.

Na wewe mwenye duka, ukiisoma safu hii: awamu ya mwisho, shilingi 200,000, iko kwenye bahasha juu ya friji, pamoja na skrubu zako saba. Niletee ile namba, hata kama imeandikwa kwa penseli nyuma ya risiti, uichukue.